Klasiki ya Mvuko: Istilahi ya Tuzo Iliyokwisha Kufutwa

Utangulizi

Huenda mfasiri akadhani kwamba jina la tuzo ni jambo dogo. Tuzo yenyewe ikiwa imekwisha kufutwa, tena ikiwa ilitolewa katika nchi ya mbali, ataona kuwa neno lolote linalokaribia maana litatosha. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kuwa sivyo. Tumechagua tuzo moja ya Marekani, iliyotolewa tangu mwaka 1999 hadi mwaka 2011 kwa albamu zilizohesabiwa kuwa zimevuka mpaka baina ya muziki wa klasiki na muziki wa namna nyingine.

Tumeichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba jina lake lina maneno mawili ya Kiingereza, "classical" na "crossover", ambayo kila moja humtega mfasiri kwa njia yake. Ya pili ni kwamba albamu ya mwisho kupata tuzo hiyo huanza na wimbo wa Kiswahili. Mwalimu akiulizwa na mwanafunzi wake wimbo ule ulishinda nini, hana budi kuwa na jibu la Kiswahili lililo sahihi. Itakuwa aibu kwetu ikiwa lugha iliyoimbwa mbele ya ulimwengu haina maneno ya kueleza heshima iliyoipata.

Tutaanza kwa kueleza tuzo yenyewe, kisha tutapima neno moja moja, na mwishoni tutatoa mapendekezo. Mapendekezo hayo ni maoni yetu, si istilahi zilizokwisha sanifiwa.

Tuzo yenyewe

Tuzo za Grammy hutolewa kila mwaka nchini Marekani na chama cha watu wa kazi ya kurekodi muziki, yaani waimbaji, wapiga ala, watunzi, mafundi wa sauti na watayarishaji. Chama hicho kiliundwa mwaka 1957, na tuzo za kwanza zilitolewa mwaka 1959. Jina la Grammy limetokana na gramafoni, na sanamu apewayo mshindi ina umbo la gramafoni ya zamani yenye tarumbeta yake. Mwaka ule wa kwanza vipengele vya kushindaniwa vilikuwa 28 tu, na baadhi yake vilikuwa vya muziki wa klasiki.

Kwa muda wa miaka arobaini hivi, albamu iliyosimama katikati ya klasiki na muziki mwingine haikuwa na kipengele chake. Ililazimika kuingia upande mmoja au mwingine. Mwaka 1970, kwa mfano, albamu ya Wendy Carlos iitwayo Switched-On Bach, ambamo kazi za Bach zilipigwa kwa kinanda cha umeme cha Moog, ilipata tuzo ya Albamu Bora ya Klasiki. Kadhalika, mwezi Julai 1990 waimbaji watatu wa opera, José Carreras, Plácido Domingo na Luciano Pavarotti, waliimba mjini Roma katika tamasha la pamoja, wakatia nyimbo za opera pamoja na nyimbo zipendwazo na watu wote. Albamu ya tamasha hilo ilinunuliwa kwa wingi mno, na mwaka 1991 ikapata tuzo ya uimbaji katika fungu la klasiki. Wakati ule hapakuwa na mahali pengine pa kuiweka.

Mwaka 1999 ndipo kipengele kipya kilipoanza kutolewa. Mshindi wa kwanza alikuwa Yo-Yo Ma, mpiga selo, yaani ile fidla kubwa ipigwayo kwa kuketi na kuishika baina ya magoti. Alishinda kwa albamu ya Soul of the Tango, yenye muziki wa Astor Piazzolla wa Argentina. Tangu hapo tuzo ilitolewa mara kumi na tatu, na Yo-Yo Ma alikuwamo miongoni mwa washindi mara nne: mwaka 1999, 2001, 2004 na 2010. Mara ya mwisho ilitolewa tarehe 13 Februari 2011.

Neno la kwanza: "classical"

Neno hili la Kiingereza lina maana mbili katika muziki. Maana finyu ni muziki wa Ulaya uliotungwa takriban baina ya mwaka 1750 na mwaka 1820, zama za Haydn, Mozart na ujana wa Beethoven. Maana pana ni mapokeo yote ya Ulaya ya muziki ulioandikwa kwa nota, uliolelewa makanisani na katika nyumba za wafalme, kisha katika kumbi za tamasha na vyuo vya muziki. Jina la tuzo tunayoizungumza lilikusudia maana pana.

Tafsiri ya kwanza impatayo mtu upesi ni "muziki wa kale" au "muziki wa zamani". Tafsiri hii haifai, na ubaya wake huonekana mara tu itiwapo kazini. Miongoni mwa tuzo za Grammy kimo kipengele cha utunzi bora wa klasiki wa kisasa. Mfasiri aliyechagua neno "kale" atalazimika kuandika "utunzi bora wa kale wa kisasa", na msomaji ataona kuwa amechezewa. Muziki wa klasiki haukufa na watunzi wake wa kwanza. Ungali ukitungwa hata leo. Zaidi ya hayo, "muziki wa zamani" kwetu umekwisha kupata maana nyingine: ni nyimbo za dansi na taarabu za miaka iliyopita, zile ambazo redio zetu huzipiga kwa kuwakumbusha watu ujana wao.

Tafsiri ya pili ni kutumia "urasimi". Wahakiki wa fasihi wamekwisha kulitumia neno hili kwa dhana inayokaribiana na hii, na tunaliheshimu. Lakini katika muziki lina hatari mbili. Ya kwanza ni ujirani wake na neno "rasmi": msikilizaji atadhani "muziki wa urasimi" ni ule upigwao na bendi ya polisi siku ya sherehe ya taifa. Ya pili ni ujirani wake na "urasimu", na watumishi wa serikali wanaosoma ukurasa huu hawahitaji kuelezwa kwamba urasimu na muziki havipatani. Irabu moja tu ndiyo inayoyatenga maneno hayo, na kosa la mpiga chapa laweza kuleta kichekesho.

Tafsiri ya tatu ni kulitohoa neno: "klasiki". Tunajua desturi iliyozoeleka katika kuunda istilahi, kwamba hutafutwa kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu na za Afrika, na mwishowe katika lugha za kigeni. Lakini desturi hiyo haikusudii kwamba neno la nyumbani lipokewe hata likipotosha. Dhana hii ni ya mapokeo ya watu mahususi, kama vile taarabu ilivyo ya mapokeo mahususi. Hatuulizi taarabu itaitwaje kwa Kiingereza, huitwa taarabu. Kwa hiyo twaona "klasiki" ndilo neno linalofaa, nalo limekwisha kusikika katika mazungumzo na maandishi.

Neno la pili: "crossover"

Hapa ndipo penye mtego mkubwa zaidi. Watu wengi wakilisikia neno "crossover" hudhani kwamba maana yake ni kuchanganya. Kabla ya kukubali dhana hiyo, yatupasa kujua neno hili lilikotoka.

Katika biashara ya santuri ya Marekani, gazeti la Billboard lilikuwa likichapisha orodha za nyimbo zinazouzwa sana, na orodha hizo zilitengwa kwa makundi. Palikuwa na orodha ya nyimbo za watu wote, orodha ya nyimbo za mashambani, na orodha ya nyimbo za Wamarekani weusi. Orodha hiyo ya tatu, hadi mwaka 1949, ilikuwa na jina lililotaja rangi ya watu waziwazi. Mwaka huo gazeti lilibadilisha jina na kuiita orodha ya "rhythm and blues". Wimbo uliotoka katika orodha moja ukaonekana katika nyingine ulisemwa kuwa umevuka. Hapakuwa na kitu kilichochanganywa. Wimbo ulikuwa uleule, sauti ileile, santuri ileile. Kilichobadilika ni wanunuzi.

Basi kiini cha dhana hii ni mwendo: kitu kutoka upande mmoja wa mpaka hadi upande wa pili. Mpaka wenyewe haukuwekwa na nota za muziki. Uliwekwa na wauzaji, na nyuma ya wauzaji ulikuwapo mpaka wa jamii iliyowatenga watu. Mfasiri asiyejua historia hii atatafsiri sauti ya neno na kuiacha maana yake.

Mchanganyiko, chotara, mseto au mvuko?

Sasa na tuyapime maneno yanayoweza kutumiwa. Mizani yetu itakuwa albamu zenyewe zilizoshinda, kwa maana istilahi isiyoweza kuzibeba zote haifai.

"Mchanganyiko" ni neno jepesi, na kwa baadhi ya albamu lingeweza kupita. Lakini tuitazame albamu iliyoshinda mwaka 2003, ambamo André Previn aliongoza okestra ya London Symphony kupiga muziki wa Erich Korngold. Korngold alilelewa kimuziki Vienna, kisha akatunga muziki wa filamu huko Hollywood, kama vile Captain Blood ya mwaka 1935 na The Sea Hawk ya mwaka 1940. Ala ni za klasiki, mtunzi ni wa klasiki, okestra ni ya klasiki. Kimechanganywa nini na nini? Hakuna. Muziki umetoka katika jumba la sinema ukaingia katika ukumbi wa tamasha, basi.

Tuitazame tena albamu ya mwaka 2002, Perpetual Motion, ya mpiga banjo Béla Fleck. Humo zimo kazi za Bach, Scarlatti, Chopin na Debussy. Hapa napo kazi za klasiki zimebaki kazi za klasiki. Aliyevuka ni mpigaji pamoja na ala yake, kutoka katika muziki wa vijijini wa Marekani hadi katika nyumba ya Bach. Neno "mchanganyiko" haliwezi kueleza jambo hilo.

"Chotara" tunalikataa bila ya mjadala mrefu. Ni neno la nasaba ya watu, na mara nyingi hutumiwa kwa dharau. Tukikumbuka kwamba mpaka wa kwanza uliovukwa ulikuwa mpaka wa rangi, tutaona kwamba kulitumia neno hili kungekuwa kuongeza jeraha juu ya kovu.

"Mseto" ni neno zuri, lakini ni la dhana nyingine. Kila mpishi wa pwani anajua kuwa mseto ni mchele na choroko vilivyopikwa pamoja hadi vikashikana, mtu asiweze tena kukitenga kimoja na kingine. Muziki wa namna hiyo upo. Jazi ilipoungana na ala za umeme na midundo ya roki, kilizaliwa kitu kipya ambacho Waingereza hukiita "fusion". Hapo "mseto" hukaa vizuri kabisa. Taarabu yetu wenyewe ilikuwa mseto wa namna hiyo: udi, kanuni na fidla za mapokeo ya Misri zilikutana na ushairi wa Kiswahili, na leo hakuna anayeweza kusema huu ni upande wa Misri na ule ni upande wetu. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, alikwenda na taarabu iliyokwisha kuiva, wala si vipande viwili vilivyoshonwa.

Linalobaki ni kundi la maneno yatokanayo na kitenzi "vuka". Kitenzi hiki ni chetu, kinajulikana na kila mtu, na kinabeba mambo mawili yanayotakiwa: mwendo na mpaka. Abiria wa kivuko cha Likoni au cha Kigamboni huvuka maji bila kugeuka kuwa mtu mwingine. Akifika ng'ambo ni yeye yuleyule, ila yuko mbele ya watu wengine. Ndivyo ilivyokuwa kwa kundi la Turtle Island, wapigaji wa ala nne za nyuzi, walioshinda mwaka 2008 kwa kupiga kazi ya jazi ya John Coltrane, A Love Supreme, ambayo Coltrane aliitoa mwaka 1965. Jazi ilivuka ikaingia katika ala za klasiki, na kila msikilizaji aliweza kutambua imetoka wapi na imefika wapi.

Kitenzi hiki kina faida nyingine ambayo Kiingereza hakina. Sisi tuna "vuka" na tuna "vusha". Mwanamuziki aliyeamua mwenyewe kwenda ng'ambo amevuka. Mwimbaji ambaye kampuni imemchagulia nyimbo, imempamba na kumpeleka kwa wanunuzi wengine, amevushwa. Tofauti hiyo imezua ugomvi mkubwa baina ya wahakiki wa muziki, na Kiswahili chaweza kuieleza kwa silabi moja.

Jina tunalolipendekeza kwa dhana yenyewe ni "mvuko". "Kivuko" limekwisha chukuliwa na mahali pa kuvukia na chombo cha kuvushia. "Uvukaji" hutaja kitendo zaidi kuliko aina ya kitu. "Mvuko" ni fupi na halina shughuli nyingi, nalo huingia kwa urahisi katika fungu la maneno.

Mpangilio wa maneno

Liko swali moja dogo la sarufi ambalo halifai kurukwa. Je, tuseme "mvuko wa klasiki" au "klasiki ya mvuko"? Katika Kiingereza neno kuu la fungu hilo huja mwisho, na lingine hulieleza. Tafsiri sisisi ingetupa "mvuko wa klasiki", yaani aina ya mvuko, na katika mazungumzo ya jumla juu ya biashara ya muziki hiyo ni sahihi. Lakini kipengele cha tuzo kiliwekwa ndani ya fungu la klasiki, pamoja na tuzo za opera, za kwaya na za okestra. Albamu ilihesabiwa kwanza kuwa ni ya klasiki, kisha ikahesabiwa kuwa ni ya namna iliyovuka. Kwa hiyo kwa jina la tuzo tunachagua "klasiki ya mvuko".

Wajerumani nao walikutana na tatizo hili. Katika tuzo yao ya Echo Klassik waliweka kipengele ambacho jina lake kwa lugha yao lina maana ya "klasiki isiyo na mipaka". Hawakutafuta neno la kuchanganya. Walitafuta neno la mpaka. Tuzo za Echo zilivunjwa mwaka 2018, na tuzo ya Opus Klassik iliyofuata ikalirithi jina hilo la kipengele. Tafsiri yao ni nzuri, ila ina kasoro moja ya kimantiki: pasipo mpaka hakuna wa kuvuka. Kasoro hiyo inatupeleka kwenye sababu za kwisha kwa tuzo ya Marekani.

Jinsi tuzo ilivyofutwa

Tarehe 6 Aprili 2011 chama kinachotoa tuzo za Grammy kilitangaza kuwa vipengele, vilivyokuwa vimefika 109, vingepunguzwa hadi 78 kuanzia tuzo za mwaka 2012. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba vipengele vilikuwa vimeongezwa kimoja kimoja kwa miaka mingi bila mpango wa jumla, na kwamba mashindano yalitakiwa yawe makali zaidi na ya kanuni moja. Baadhi ya vipengele viliunganishwa, vingine vikaondolewa. Kipengele cha jazi ya Amerika ya Kilatini kiliondolewa pia. Wanamuziki wake walilalamika kwa nguvu, nacho kikarudishwa katika tuzo za mwaka 2013. Klasiki ya mvuko haikurudishwa.

Hatusemi kwamba tuzo ilifutwa kwa ajili ya jina lake. Lakini mtu aliyezoea kazi ya istilahi ataona kwamba jina lilikuwa na udhaifu tangu mwanzo. Tango la Argentina, banjo, muziki wa filamu, jazi, nyimbo za watu: vyote viliwekwa katika sanduku moja, na kilichoviunganisha ni kwamba havikutosha kuingia katika masanduku mengine. Fasili isemayo "kisicho hiki wala kile" ni fasili dhaifu. Istilahi hudumu ikitaja kitu kwa sifa alizo nazo, wala si kwa sifa alizozikosa.

Na albamu zenyewe zilikwenda wapi? Hazikukoma kutolewa. Mwaka 2001 Yo-Yo Ma na Edgar Meyer, mpiga besi, walikuwa wameshinda pamoja na mpiga fidla Mark O'Connor kwa albamu ya Appalachian Journey, katika kipengele cha klasiki ya mvuko. Mwaka 2013 Ma na Meyer walishinda tena, pamoja na Stuart Duncan na Chris Thile, kwa albamu ya The Goat Rodeo Sessions, yenye ladha ya nchi ileile. Safari hii walipewa tuzo ya muziki wa jadi. Mwaka 2017 Ma na kundi lake la Silk Road walipata tuzo ya muziki wa ulimwengu. Wanamuziki hawakubadilika sana. Masanduku ndiyo yaliyobadilika. Ndiyo maana mfasiri hana ruhusa ya kulibuni jina la kipengele kwa kuusikiliza muziki tu. Sharti aangalie mwaka, kisha atafsiri jina lililotumika mwaka huo.

Kiswahili ndani ya masanduku hayo

Tumesema kuwa mshindi wa mwisho alihusiana nasi. Albamu hiyo ni Calling All Dawns ya Christopher Tin, mtunzi wa Marekani, iliyotoka mwaka 2009. Ina nyimbo kumi na mbili katika lugha kumi na mbili, miongoni mwake Kijapani, Kireno, Kilatini, Kipolandi, Kiebrania, Kiajemi na Kimaori. Wa kwanza kabisa ni "Baba Yetu", yaani Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Wimbo huo ulitungwa kwa ajili ya mchezo wa kompyuta uitwao Civilization IV, uliotoka mwaka 2005. Katika albamu umeimbwa na kwaya ya Soweto Gospel Choir ya Afrika Kusini, na okestra ya albamu ni Royal Philharmonic ya London. Siku ileile ya Februari 2011 wimbo wenyewe ulipata tuzo ya pili, ya upangaji wa ala za kumsindikiza mwimbaji, ukawa muziki wa kwanza uliotungwa kwa mchezo wa kompyuta kupata Grammy.

Hesabu mivuko iliyomo: sala iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, ikatiwa muziki na Mmarekani, ikaanzia katika mchezo wa kompyuta, ikaimbwa na Waafrika Kusini, ikaingia katika albamu iliyoshinda kwenye fungu la klasiki. Sasa mfasiri aliyeshika tafsiri ya "muziki wa kale" atauita wimbo uliotoka katika kompyuta mwaka 2005 "wa kale". Na aliyeshika "mchanganyiko" atawafanya watoto wetu wadhani kwamba Kiswahili kilikuwa kiungo tu cha kukolezea chungu cha wengine. Lakini Kiswahili hakikuchanganywa na kitu. Maneno yalibaki ya Kiswahili tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho wake. Yalivuka yakiwa mazima.

Wala huo haukuwa wimbo wa kwanza wa lugha yetu kufika huko. Mwaka 1966 albamu ya Harry Belafonte na Miriam Makeba, iliyotoka mwaka 1965 na yenye wimbo wa "Malaika", ilipata tuzo ya muziki wa jadi. "Malaika" ni wimbo wa mapenzi wa mjini, uliovuma kwa gitaa na santuri. Haukuwa wimbo wa jadi kwa maana tunayoijua sisi. Waliupanga palepale palipokuwa na nafasi ya nyimbo za watu wa mbali. Miaka arobaini na mitano baadaye Kiswahili kilionekana katika fungu la klasiki. Mwanafunzi anayejua maneno ya vipengele hivi ataweza kuuliza swali lenye thamani: ni nani huamua wimbo wetu uitwe wa jadi, na ni nani huamua uitwe wa klasiki? Asiyekuwa na maneno hawezi hata kuuliza.

Mapendekezo

Kwa hayo tuliyoyaeleza, tunapendekeza kama ifuatavyo:

1. "Muziki wa klasiki" utumike kwa mapokeo ya Ulaya ya muziki ulioandikwa, kwa maana yake pana. "Muziki wa kale" na "muziki wa zamani" yabaki na maana zake za kawaida.

2. "Mvuko" utumike kwa dhana ya muziki au mwanamuziki kutoka kundi moja la wasikilizaji hadi lingine. Kitenzi kiwe "vuka", na pale ambapo mwingine ndiye mtendaji, "vusha".

3. "Mseto" utumike kwa muziki ulioungana hata pande zake zisiweze kutengwa. Maneno haya mawili yasitumiwe kana kwamba ni visawe.

4. Jina kamili la tuzo liwe "Tuzo ya Grammy ya Albamu Bora ya Klasiki ya Mvuko", na kila litajwapo mara ya kwanza lifuatwe na miaka yake, 1999 hadi 2011. Kitenzi kiwe cha wakati uliopita: ilitolewa, si hutolewa. Msomaji asidhani kwamba mwanamuziki wa leo aweza kuiwania.

5. Jina la kipengele litafsiriwe kwa kuangalia mwaka wa ushindi, wala si kwa kuangalia sauti ya muziki.

Hitimisho

Tuzo hufutwa, lakini kumbukumbu za washindi wake husomwa miaka mingi baadaye, katika vitabu vya shule, katika taarifa za utamaduni na katika kamusi. Kwa hiyo istilahi ya kitu kilichokwisha yahitaji uangalifu sawa na ya kitu kilicho hai, na pengine zaidi, kwa sababu kitu chenyewe hakipo tena cha kuwasahihisha wanaokosea. Huenda wako wasomaji wenye neno bora kuliko "mvuko", hasa wale waliolelewa katika lahaja za pwani ambako maneno ya vyombo na maji ni mengi. Tunawaomba waliandike na kulipima kwa mizani ileile: je, linaweza kubeba banjo ya Fleck, filamu za Korngold na "Baba Yetu" kwa pamoja? Likiweza, tutalipokea kwa furaha na kuliacha letu.